Mbula wa Kujaza Gari

Mbula alikuwa amepanda matatu za kwenda Mtito Andei mara nyingi kuliko dereva yeyote wa steji ya Bichi, na Mtito Andei yenyewe hakuijua hata kwa picha.

Kila asubuhi aliingia kwenye gari la kwanza katika foleni, akakaa dirishani karibu na mlango, akapakata begi lake la kijani na kuvaa uso wa mtu aliyechelewa. Msafiri akitokea aliona gari limebakisha nafasi moja au mbili, akaruka ndani asije akaachwa. Kidogo tu, Mbula alikumbuka kwamba hakununua maji ya njiani. Akashuka kununua maji. Maji hayo hakuwahi kurudi nayo.

Pale steji wanaitwa watu wa kujaza. Kazi yenyewe ililetwa na tabia za wasafiri, kwa sababu mtu wa Ukambani haingii gari tupu. Atalizunguka, atachungulia, atauliza linatoka saa ngapi, kisha atasimama kando akingoja wajinga wengine waingie kwanza. Muthama, mwenyekiti wa steji, alichoka kungoja hao wajinga akaajiri wake.

Bichi, hata hivyo, ilikuwa imezoea kujifanya. Ni mtaa wa pembeni mwa mji wa Kitui, na ukitaka kuiona bahari kutoka hapo itabidi ulale ndani ya basi. Lakini mto wa mchanga unapita hapo chini, mpana, mweupe, mkavu karibu mwaka mzima. Familia za kutoka Pwani zilizojenga kando yake zamani ziliuona ule mchanga zikaridhika kwamba nusu ya bahari wanayo tayari. Mmoja akaandika "Sea View" kwenye ukuta wa nyumba zake za kupangisha. Jirani yake hakukubali kushindwa, akachora nyangumi. Bucha ikaitwa Nyali, kinyozi akajiita Diani, na mpiga picha akanunua boya la kuogelea. Siku za Jumapili wapenzi hulivaa kiunoni wakasimama katikati ya mchanga wakitabasamu kama watu waliotoka majini sasa hivi. Picha hizo hutumwa Mwingi, Matiliku, hata Saudia, na kule zinaaminika.

Mbula alifika hapo kutoka Matiliku, baada ya mumewe kufa na shemeji yake kumwonyesha mpaka mpya wa shamba, uliopita katikati ya jiko lake. Nyonga yake ya kushoto ilivunjika zamani ikaungana vibaya, kwa hiyo hakuweza kusimama sokoni kutwa wala kuinama kufulia watu. Alichoweza ni kukaa. Muthama alimkuta amekaa hivyo kando ya barabara siku moja, akamtazama kama fundi anayetazama ubao mzuri, akampa kazi.

Masharti ya Muthama hayakuwa mengi. Usishuke kabla mtu wa kweli hajakaa. Usifungue mdomo, isipokuwa kusema gari linaondoka. Waliovunja hayo hawakuonekana tena Bichi, na Mbula hakuwa na kazi nyingine ya kukaa aliyoijua. Kwa hiyo aliifanya kwa bidii. Ndani ya begi lake aliweka magunia makuukuu na tofali moja la kuongeza uzito, na kwenye zipu akachomeka majani ya kitunguu yachungulie nje. Yakinyauka aliyabadilisha, maana hakuna anayesafiri na kitunguu cha wiki jana.

Na alikuwa amejifunza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Msafiri wa kweli hutazama saa. Wa kujaza humtazama makanga.

Asubuhi moja ya Jumanne alikuwa mahali pake kama kawaida. Kwenye kiti cha mbele yake alikaa Ndululu, mzee mwenye suti ya kijivu na gazeti, aliyefanana na mwalimu mkuu mstaafu kiasi kwamba wasafiri wengine walimwamkia shikamoo. Hakuwa amefundisha hata kuku. Viti vya nyuma vilijaa wengine wa kundi lao. Gari lilipendeza, likakosa watu watatu tu, na ndani yake hapakuwa na hata mtu mmoja anayekwenda mahali.

Ndipo akatokea msichana mmoja amevaa buibui, mkoba mdogo mkononi, na miguuni malapa ya nyumbani. Hakuelekea kwao. Alikuwa anavuka barabara kwenda upande wa pili, kwenye Probox ya Mutisya, mpinzani wa Muthama, iliyokuwa na abiria mmoja ambaye tayari alikuwa anapiga miayo. Muthama akamwahi.

"Dada, Mtito ni huku. Mmoja wa haraka. Ile ya huko utazeekea ndani."

Msichana akaangalia Probox, akaangalia matatu, kisha akaja dirishani kwa Mbula. Alitaka kulisikia jambo hilo kutoka kwa mama mtu mzima.

"Mama, kweli hili linaondoka sasa?"

"Saa hii tu, mami. Hata mimi nimechelewa, naenda kuona mjukuu wangu. Amezaliwa juzi."

Mjukuu huyo alikuwa anazaliwa juzi kwa mwaka wa nne sasa. Msichana aliingia, akalipa nauli yake kwa Muthama pale pale, akakaa bega kwa bega na Mbula. Alisema anaitwa Naila, anauza vitambaa pale mjini. Halafu akasema, akiitazama simu yake, kwamba amefiwa na mama yake alfajiri, kwao Mtito Andei.

Mbula akampa pole, na pole ile ilikuwa ya kweli. Lakini moyoni alitulia, na hapo ndipo alipokosea. Kwao Mbula, mtu akifa, kuzikwa bado kuko mbali. Kuna mochari. Kuna mikutano ya jioni, kuna kamati, kuna mwenyekiti wa kamati na yule anayempinga. Kuna fulana zenye picha ya marehemu, na kuna mjomba wa Nairobi ambaye lazima asubiriwe na ambaye akija hachangii kitu. Wiki mbili zinaweza kuisha watu bado wanabishana juu ya hema. Kuhusu Waislamu alijua kwamba hawali nguruwe na kwamba wakati wa Ramadhani mahamri ya jioni huwa matamu zaidi. Namna wanavyozika hakuwahi kuuliza, kwa kuwa tangu ahamie hakuna Mwislamu aliyekufa pale kwenye ploti ya vyumba alimopanga.

Kwa hiyo alimpigapiga msichana mkononi akamwambia, "Utafika tu, mami. Mama haendi mahali."

Naila alimgeukia kama mtu aliyemwagiwa maji.

Jua likapanda. Kivuli cha paa kikateremka ukutani hadi kwenye jicho la nyangumi, na hakuna mtu wa kweli aliyekuja. Naila aliwasha simu, akaizima, akaiwasha. Alimuuliza makanga wanangoja nini, akajibiwa wawili tu, wameshapiga simu, wako njiani. Upande wa pili wa barabara Probox ya Mutisya ilianza kupata watu. Aliingia mwanamume na kuku wawili. Wakaingia wanafunzi wa chuo. Mbula aliwaona wote kupitia dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alijikuta anawahesabu wa Mutisya.

Simu ya Naila ikalia. Alikuwa ni kaka yake, Salim, na sauti yake ilikuwa ya kupasuka, kiasi kwamba Mbula aliyasikia maneno bila kutega sikio.

"Ameshaoshwa. Uko wapi?"

"Bado Kitui. Gari halijajaa. Salim, waambie waningoje."

"Nimewaomba mpaka nimeona haya. Walitaka adhuhuri. Sasa wamesema adhana ya alasiri ikilia, tunamtoa. Zaidi ya hapo siwezi."

Naila akaiweka simu mapajani. Mbula akamuuliza, polepole, wanamtoa wanampeleka wapi.

"Kaburini, mama."

"Leo?"

"Leo. Sisi hatuweki maiti. Na mimi ni mwanamke, siendi makaburini. Akishatoka mlangoni sitamwona tena usoni. Ndiyo maana nilikuuliza wewe kama gari linaondoka."

Mbula akaipigia njia hesabu. Kutoka Bichi hadi Mtito Andei ni Mutomo, ni Ikutha, ni Kibwezi, halafu barabara ya Mombasa na malori yake. Hata dereva mwenye kichaa hawezi kuikunja njia hiyo. Na gari hili halikuwa limebakisha wawili. Lilikuwa limebakisha watu wote, isipokuwa huyu mmoja aliyekaa kando yake.

Alimwita Muthama dirishani akamweleza kwa Kikamba, kwa sauti ya chini. Alimwomba amrudishie msichana nauli yake avuke barabara. Muthama alisikiliza akitafuna kijiti. Alijibu kwamba nauli imeshaingia, na ikiingia hairudi. Gari haliwezi kutoka na mtu mmoja na mafuta bei hii. Mchana watu wa benki na wa hospitali watakuja, litajaa. Na huyo dada asiambiwe kitu, maana leo akipiga kelele, kesho Kitui nzima itajua.

"Huyo mama yake wanamzika leo," Mbula akasema.

"Mwaitu," Muthama akamwambia, na hilo neno la kumwita mtu mama alilitamka kwa heshima zote, "wewe ni kiti. Kiti hakiongei."

Akaenda zake kupiga mluzi barabarani.

Ng'ambo, mama mmoja na mtoto wake waliingia Probox. Mutisya akafunga buti, akapanda kwenye usukani, akatoa kichwa nje akapaza sauti kwamba amebakisha wawili. Wawili wa kweli, akaongeza, akilitazama gari la Muthama. Mbula aliwaza kuhusu chumba chake cha kupanga nyuma ya Sea View. Aliwaza kuhusu nyonga, na kuhusu shemeji yake kule Matiliku, ambaye angefurahi sana kumwona amerudi na begi. Naila alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, kwa siri, kama anayefuta jasho.

"Shuka," Mbula akasema.

"Nini?"

"Hili gari haliendi. Sisi wote ni wa kujaza. Huyu mzee wa suti, hao wa nyuma, mimi. Hakuna anayeenda Mtito isipokuwa wewe."

Gari likatulia kama kanisa lililotangaziwa harambee. Ndululu aliinua gazeti likamfunika mpaka nywele.

"Na mjukuu?" Naila akauliza.

"Hayuko."

"Ulinitazama machoni, mama."

"Nilikutazama."

Naila alisimama kwa ghafla akagonga kichwa kwenye paa. Muthama alikuwa ameshaona kuna jambo, akaja mbio akaushika mlango akaanza kuuvuta ufungike. Aliuliza nani anashuka na kwa ruhusa ya nani. Mlango uliteleza, kisha ukakwama. Katikati yake kulikuwa na kiatu cheusi kilichong'arishwa, na ndani ya kiatu kulikuwa na mguu wa Ndululu.

"Muthama, toa mkono," mzee akasema akiwa bado nyuma ya gazeti. "Hiki kiatu ni cha kanisani."

Walishuka. Naila alivuka barabara bila kugeuka nyuma, na Mbula akamfuata akichechemea, begi la kijani likimgonga gotini. Mutisya akamfungulia Naila mlango. Alipomwona Mbula akaufunga.

"Dada aingie. Wewe hapana."

Mbula akamwambia kwamba anasafiri, yeye ndiye wa pili wake. Mutisya akacheka, na abiria wake wakacheka pia, maana hakuna mtu wa Bichi asiyemjua. Alisema mchezo huo anaujua. Muthama amemtuma. Atakaa ndani, gari lionekane limejaa, wamfukuze yule abiria wa kweli anayekuja, halafu wakifika kona ya kinu cha posho atakumbuka maji. Mbula alisema atalipa nauli. Mutisya akasema hata nauli Muthama anaweza kumpa ailipe, kisha arudishiwe. Yeye atangoja mtu mwingine. Mtu anayeenda.

Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili. Ndani ya Probox Naila aliangalia simu, kisha akamwangalia Mbula. Macho yake hayakuwa ya kuomba. Yalikuwa ya mtu anayengoja kuona uongo wa pili utakuwa upi.

Mbula aliliweka begi lake juu ya boneti, akavuta zipu. Alitoa majani ya kitunguu kwanza, akayatupa. Akatoa gunia la saruji, la mahindi, jingine la mbolea, akayakung'uta moja moja hadi vumbi likampanda usoni. Mwisho akatoa tofali, akaliweka bonetini kwa upole kama anayeweka chupa ya maziwa. Steji nzima ilikuwa inatazama. Mpiga picha alitazama, boya likiwa begani. Mwanamke mmoja wa sokoni alisema kwa uchungu kwamba begi hilo yeye mwenyewe alimbebea siku moja hadi ndani ya gari, akimwonea mama wa watu huruma.

"Sasa nijaze kesho nikiwa na nini?" Mbula akamuuliza Mutisya.

Ng'ambo, Muthama alitoa kijiti mdomoni. Hakutukana. Aliinua mkono akaupitisha hewani taratibu, kama mwalimu anayefuta ubao, na Mbula akajua jina lake limefutwa.

Mutisya aliliondoa tofali kwenye boneti akaliweka chini. "Ingia," akasema.

Gari lilipoondoka, Mbula alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa ndani ya magari yasiyosogea, na sasa nyangumi alirudi nyuma, bucha ikarudi nyuma, ule mchanga mweupe ukapita chini ya daraja ukaisha. Hakuna aliyemsemesha. Naila alikaa upande wa pili, uso dirishani. Walipita Mutomo. Ikutha walisimamishwa na askari, wakakagua kila karatasi, wakakagua hata wale kuku, na Naila akafunga macho mpaka walipoachiliwa. Mutisya alikimbiza gari hadi kuku wakanyamaza. Salim alipiga tena mara moja tu, akasema sheikh ameshafika.

Probox iliishia Kibwezi; kufika Mtito kulitaka gari jingine. Pale kwenye barabara ya Mombasa kulikuwa na magari ya kutosha, na kila makanga alimvuta Naila mkono akimwapia kwamba lake ndilo linaloondoka. Lililokuwa karibu lilionekana limejaa pomoni. Naila aliweka mguu kwenye ngazi.

"Si hilo," Mbula akasema nyuma yake.

Naila akasimama.

"Waangalie macho. Wanamtazama makanga. Hao wote ni mimi." Akanyoosha kidole kwenye basi dogo lililokuwa mbele, lililochakaa, nusu viti vitupu, ambamo mwanamume mmoja alikuwa anamfokea dereva akimwonyesha saa ya mkononi na mtoto analia kwa joto. "Lile. Wale wamechoka kweli."

Naila alimtazama, na kwa muda huo mfupi alikuwa na kila sababu ya kutomwamini. Kisha akakimbilia lile bovu. Lilikuwa linasogea tayari. Aliketi, akatazama chini ambapo Mbula alikuwa amesimama na begi tupu lililolegea mkononi, akasogea upande wa dirisha. Hakusema karibu. Alisogea tu, na nafasi ikabaki. Mbula akapanda.

Adhana iliwakuta wanashuka Mtito Andei, kati ya malori na vituo vya mafuta. Naila alianza kukimbia. Lapa moja likabaki barabarani, akaliacha. Mbula aliliokota akamfuata kwa mwendo wake wa kuchechemea, akiufuata ule mgongo mweusi uliopinda kwenye kichochoro nyuma ya maduka. Alipofika mlango wa ua, Naila alikuwa bado anapenya katikati ya wanaume waliosimama, jeneza liko tayari chini ya ukuta. Kijana mmoja alikuwa ameziba mlango wa nyumba, mikono kwenye miimo yote miwili, kama anayezuia ng'ombe. Alikuwa analia na anabishana kwa wakati mmoja. Alipomwona dada yake akaiondoa mikono.

Mlango ukafungwa. Adhana ikaisha. Wanaume wakangoja, wakitazama miguu yao, na hakuna aliyeuliza saa.

Marehemu alipokwisha kutolewa, wanawake walimkalisha Mbula kwenye mkeka bila kumuuliza ni nani, wakamletea chai. Naila alitoka chumbani, macho yamevimba, akachuchumaa mbele yake akachukua lapa lake.

"Nimemwona," akasema. "Wewe sijakusamehe bado. Kunywa chai."

Mbula alikunywa.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika kando ya barabara kutafuta gari la kurudi. Arudi wapi, hilo hakulijua vizuri. Chumba alikuwa nacho hadi mwisho wa mwezi, kazi hakuwa nayo. Makanga akamdaka, akamwambia mama, mmoja wa haraka, hili hapa linakungoja wewe tu. Gari lilikuwa limejaa isipokuwa nafasi moja. Dirishani alikaa mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, begi jekundu limepakatwa, majani ya mchicha yamechungulia kwenye zipu.

"Linaondoka kweli?" Mbula akamuuliza.

"Saa hii tu. Hata mimi nimechelewa."

Mbula alilitazama lile begi kwa muda, kwa jicho la mtu wa kazi.

"Mchicha wako umenyauka, mwaitu," akamwambia. "Na hapo pembeni gunia linaonekana. Geuza."

Yule mwanamke akamtazama makanga, kisha, taratibu, akaligeuza begi.